Ilipopasukia Roketi ya Mwanzi

Mvua za kwanza zikishaloweka vilima vya Mufindi, nyumba yetu ilinuka ulanzi kuanzia mlangoni hadi kwenye mablanketi. Ni harufu tamu yenye uchachu kwa mbali, ya mwanzi mchanga uliokatwa kichwa asubuhi na kutegeshewa mbeta, kile kikombe cha pingili kinachokinga utomvu wake. Mama aligema na kuwauzia wachuma chai wa shamba la Mzungu. Baba alikuwa seremala wa shamba hilohilo. Mimi nilikuwa mtoto aliyefeli. Nalitaja mapema kwa sababu msimu ule kila mtu alilitaja mapema. Nilikuwa nimeanguka mtihani wa darasa la nne, na majirani walikwisha kunipimia kikapu cha kuchumia chai. Ama Baba angemwomba padri wa misheni nirudie darasa, ama mwaka mpya ungenikuta shambani. Baba hakusema neno, na ukimya wake ulinikosesha usingizi.

Jioni karani wa shamba aliweka redio yake dirishani, nasi tukasimama nje kwenye manyunyu kusikiliza habari za Kiswahili kutoka Dar es Salaam. Warusi walikuwa wamekwisha kurusha mwezi wao wa kutengeneza, yaani setilaiti, ukipita juu ya vichwa vyetu bila kutuomba ruhusa. Sasa ilikuwa zamu ya Wamarekani. Siku moja msomaji akatangaza kwamba roketi yao imeinuka kidogo tu, ikarudi chini na kuungua palepale, dunia nzima ikitazama. Watu walicheka hadi kushika mbavu. Mimi sikucheka. Nilimwonea huruma aliyeitengeneza, nikajiuliza kama naye nyumbani kwake wamemnyamazia. Tangu hapo sikukosa jioni hata moja. Niliapa moyoni kwamba wakijaribu tena, nami narudia darasa, liwalo na liwe.

Kusikiliza tu hakukunitosha. Kila mtoto wa kwetu alijua kwamba ulanzi ukizibwa huchachuka na kurusha kizibo, basi nikachukua pingili nyembamba, nikaijaza nusu, nikaiziba kwa gunzi la mahindi na kuisimamisha juani, mdomo ukitazama ardhi. Gunzi likilegea, ulanzi ulivuja na kuwanufaisha sisimizi. Nikilikaza, halikutoka kabisa. Mwishowe nikatia ulanzi wa jana, ule mkali, nikaligongomea gunzi kwa nyundo ya Baba. Mwanzi ukapasuka kwa kishindo kilichowatimua kuku wote, na Mama akatoka jikoni amefura.

"Mtoto wewe! Ulanzi wa wateja wangu unaumwaga kwa michezo? Shule imekushinda, sasa unataka kutuua?"

Hilo la shule lilinichoma, nikalia mbele ya watu. Baba, aliyekuwa akinoa randa barazani, alikuja akaokota vipande na kuvigeuzageuza, kama alivyofanya alipoletewa kiti kilichovunjika.

"Njoo unionyeshe, mama," aliniambia, kwani ndivyo alivyozoea kuniita mimi binti yake. "Imepasukia wapi?"

Nikamwonyesha: ubavuni, kwenye ufa uliokuwapo tangu mwanzo, ambao sikuuangalia. Akaitikia kwa kichwa. Kisha, bila kubadili sauti, akauliza, "Na mtihani wako, ulipasukia wapi?"

Wote walijua nimefeli, lakini hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo. Nilifikiri, nikajibu kwamba kusoma najua, kuandika najua, ila hesabu za sehemu zilinipita. Zilipofundishwa nilikuwa kitandani naumwa.

"Basi si mwanzi wote mbovu," Baba akasema. Jumapili iliyofuata, baada ya misa, alibaki nyuma kuongea na padri, kofia mkononi.

Roketi ya pili tuliichagulia pingili pamoja, isiyo na ufa, tukaizungushia kamba ya katani. Iliruka hadi usawa wa paa, ikapinda, ikaangukia maboga ya Mama. Redio ilipotangaza kwamba Wamarekani nao wamefaulu, mimi nilikuwa nimekwisha kurudi darasani, mrefu kuliko wenzangu wote, na jioni Baba alinifundisha nusu, robo na thumuni kwa futi yake ya useremala.

Leo naishi Uyole, nimestaafu baada ya kufundisha hesabu miaka mingi. Roketi naziona kwenye simu ya mjukuu wangu, bila dirisha la karani. Nyingine hushuka na kutua zikiwa wima, jambo ambalo Baba asingeliamini. Nyingine hulipuka, na mafundi wake wanakwenda kukusanya vipande ili wajue kosa. Lakini matokeo ya mitihani yakitoka, jina la aliyefeli bado linatembea mtaani kama zamani. Mwaka huu lilikuwa jina la mjukuu wangu huyohuyo. Alijifungia ndani siku nzima, hataki kula. Jioni nilimsogezea kiti.

"Njoo unionyeshe, mama. Imepasukia wapi?"

Akaenda kuleta madaftari yake. Mimi nikainuka kutafuta futi ya Baba.