Honi Anajifunza Kunyamaza

Hivi wewe unaweza kuketi nyumbani kwa mtu, shida yako inakuwasha ulimini, ukangoja mpaka akuulize? Usijibu haraka. Sajini aliyejulikana kambi nzima kwa jina la Honi alijibu haraka, akafeli.

Kikosi chake kilikuwa kinakwenda kulinda amani ugenini, kwa watu ambao mgeni hasemi lililomleta mpaka mwenyeji aweke kazi chini na kumuuliza. Kutangulia kusema ni sawa na kumpandia mtu kitandani na viatu. Basi kambini wakajenga kijiji cha mazoezi, wakamwajiri mzee mmoja fundi viatu aigize mwenyeji. Honi akaingia, akagonga visigino, akanguruma, "Tunaomba kupitisha magari!" Fundi akamfungia mlango. Likabaki jaribio moja, kesho yake asubuhi. Akishindwa, wenzake wanaondoka, yeye anabaki stoo kulinda magodoro.

Jioni mkewe, fundi cherehani, akamketisha kwenye kigoda.

"Mimi mwenyeji. Nikimaliza pindo hili nitakuuliza."

Cherehani ikanguruma. Honi akakohoa, akatingisha mguu, uzalendo ukamshinda. "Mama Pacha, hilo pindo la gauni au la hema?"

"Umefeli, afande. Anza upya."

Pacha wao wakaangua kicheko chini ya meza.

"Baba yenu alikuja kunichumbia hivihivi," mama akawaambia. "Hajapewa kiti, keshataja tarehe ya harusi."

"Na ulikubali!"

"Nilitaka unyamaze."

Mcheke, lakini aliyefanya kazi kubwa zaidi jeshini wiki ile ni mama huyu. Anayebisha hodi na bunduki begani lazima awe na adabu kuliko sisi wote.

Asubuhi Honi aliketi mbele ya fundi viatu, midomo kaibana kama kameza pini. Fundi akagonga msumari, akatafuta mwingine. Mara Kanali akatokea kukagua.

"Sajini! Umefikia wapi?"

Kanali akiuliza, unaruka wima. Honi hakuruka. Akageuka taratibu, jasho likimtiririka, akaweka kidole mdomoni.

Kambi nzima ikaganda.

Kanali akamtazama Honi, akamtazama fundi, aliyekuwa akipuliza vumbi kwenye soli bila haraka yoyote. Kisha akavua kofia, akaketi chini kando ya sajini wake. Nyundo ikaendelea, ko, ko, ko. Hatimaye fundi akaweka kiatu chini.

"Karibuni, wanangu. Mna shida gani?"