Pumzi za Mama Fagio

Kama kuna mtu aliyewahi kuipenda nyumba isiyo yake, basi ni Mama Fagio. Jina hilo alipewa na wenzake kwa utani, naye akalibeba kama cheo. Nyumba yenyewe iliwahi kuwa ya matajiri, sasa ni makumbusho: kuta nene za chokaa, dari ya mbao iliyochorwa maua, na maktaba ya vitabu ambavyo havijafunguliwa tangu wenyewe wafe. Mumewe alipofariki, mapenzi yote aliyahamishia humo. Binti yake alizoea kumtania, "Mama, hiyo nyumba ingekuwa mwanamume, tungeshakuozesha."

Msimu mmoja wa mvua paa lilivuja, na ukungu ukaota kwenye ukuta wa maktaba, mabaka ya kijani yenye manyoya. Msimamizi alikuwa amepiga marufuku maji. Maji, alisema, ni adui wa chokaa ya zamani. Basi Mama Fagio akawa anausugua ukuta kwa ufagio mkavu kila asubuhi kabla wageni hawajafika, feni ikizunguka juu ili vumbi litoke upesi. Mabaka yakafutika, akasifiwa mbele za watu. Mara yakazuka chumba cha pili. Akafagia na huko. Kisha ukumbini, kisha kwenye dari ya maua. Alikimbizana nayo nyumba nzima, kumbe anayeyasambaza ni yeye mwenyewe. Nani angemwambia? Msimamizi alijua kukataza maji tu. Kwa mengine alikuwa gizani vilevile, ila giza lake lililipwa vizuri zaidi.

Kikohozi kilianza kidogokidogo.

"Mama, acha kazi," binti alisihi.

"Niiache, nani ataifagia?"

Hatimaye wakaja wataalamu, wamevaa barakoa. Waliacha visahani wazi vyumbani kunasa kilichomo hewani, na baada ya siku chache visahani vikaota manyoya. Mmoja wao, dada mpole, akaketi naye ngazini.

"Ukungu una mbegu ndogo sana, mama, hazionekani. Ukiufagia mkavu zinaruka, zinakwenda kutua kwingine."

"Na zinazotua kifuani?"

Yule dada akamgeukia. "Ulikuwa unajifunika pua?"

"Kwa kitambaa cha kichwa."

Hakumlaumu, na hilo ndilo lililomchoma. Angelaumiwa, angalau angepata wa kugombana naye.

Nyumba ikatibiwa ikapona. Maktaba ikafungiwa mashine za kukausha na kuchuja hewa. Mama Fagio akaambiwa na daktari kwamba mapafu yake hayatarudi yalivyokuwa, akapumzishwa kazi.

Siku moja alikwenda kuwasalimu wenzake, akachungulia maktaba, akaingia. Kifua kikafunguka. Alivuta pumzi ndefu mpaka machozi yakamtoka. Alikuwa amesahau kwamba hewa huingia bila kuombwa.

Msimamizi akamkuta humo.

"Baba, niruhusu niwe nakuja kukaa hapa mchana," akamwomba. "Kiti kimoja tu. Sitagusa kitu."

Msimamizi akainamisha uso. Hakuwa mtu mbaya.

"Ingekuwa juu yangu, mama, ungekaa. Wataalamu wamekataza watu kukaa humu. Pumzi zetu zina unyevu, zinaharibu vitabu."

Mama Fagio akaviangalia vile vitabu, mstari baada ya mstari, vikavu, vizima. Alitamani kuvitukana, akashindwa. Akatoka polepole, akaurudishia mlango kwa uangalifu, ile hewa isije ikapotea.