Kituo cha Setilaiti cha Mwihoko

Watu wakiniuliza kama Kenya ilikuwa na mpango wa anga miaka ya tisini, mimi hujibu kwamba ilikuwa nao, na mpango wenyewe ulikuwa baba yangu. Hawacheki, kwa hiyo hucheka peke yangu.

Baba alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha nguo hapa Thika. Ujanani aliwahi kuvuta nyaya kule Pwani, wageni walikokuwa wakirusha roketi kutoka baharini, na tangu hapo hakuna kitu cha duniani kilichompendeza sawasawa. Basi ziliposikika habari kwamba nchi itajenga kituo chake cha kupokea picha za setilaiti, ili wakulima wajue mvua iko wapi na misitu imebaki kiasi gani, ofisa mmoja wa serikali alimkumbuka. Alimwambia kiwanja kimepatikana nje ya Mwihoko, upande wa Ruiru, na kwamba vyombo vikifika, kazi ya ufundi ni yake. Kwa sasa akitunze kiwanja. Baba aliacha kiwanda wiki hiyo hiyo.

Mama alimuuliza swali moja tu. "Baba watoto, hiyo kazi iko ama inakuja?"

"Inakuja," baba akasema, kwa furaha ya mtu aliyeulizwa jambo rahisi.

Tulikuwa tukiishi mtaa wa Kamenu, hapa hapa Thika. Kila asubuhi alitoka kwenda kulinda nyasi na mawe. Shule zikifungwa nilikwenda naye, akanitembeza kama mtu anayeonyesha wageni nyumba yake. Hapa dishi, hapa jenereta, hapa ofisi, kule nyumba za wafanyakazi, na moja ni yetu. Alieleza vizuri mno, hata mimi niliyekuwa na ulimi mkali nilijikuta nikizunguka mahali pa ukuta ambao haukuwepo.

Lakini miaka hiyo ardhi ya umma ilikuwa ikinyakuliwa mchana kweupe. Unalala jirani yako ni uwanja wa mpira, unaamka unakuta msingi wa ghorofa. Baba aliomba ofisi imletee ua wa waya, akaambiwa angoje. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na baba tumbo lake lilikuwa limeshaanza kuuma, kwa hiyo akaenda kumchukua cucu, mama yake mzazi.

Cucu alikuja na gunia la matoka. Ni mmea wa majani marefu ambao kwetu Wakikuyu hupandwa mpakani. Ukishapandwa mbele ya wazee, neno la shamba limekwisha. "Hii hakuna mtu hung'oa," cucu alisema. "Aking'oa anajitafutia laana, yeye na watoto wake." Wazee wawili wa hapo jirani waliitwa wakasimama kama mashahidi, wakanywa uji.

Baba angeishia kwenye mpaka wa nje, labda leo ningekuwa nasimulia mengine. Lakini alikuwa mtu wa michoro. Alimwomba mama yake azungushie pia mahali pa dishi, pa jenereta, pa ofisi, na kila nyumba ya wafanyakazi. Cucu aliinama akapanda, kisha akajinyoosha mgongo akauliza, "Kwani unagawia watoto wangapi?"

Baba alicheka. Mvua zikanyesha, matoka yakashika.

Wanyakuzi walipokuja hawakuhitaji hata mpimaji, viwanja vilikuwa vimekwisha kupimwa. Majirani wale wale waliowahi kufukuza wanyakuzi wengine kwa mawe kwenye kiwanja cha soko walisimama kando wakitazama. Kwa nini wapige kelele? Walimwona mama mzee akipanda, wazee wakishuhudia. Kwao hilo lilikuwa shamba lililogawanywa kwa heshima.

Wa kwanza kujenga alikuwa mama mmoja Mwislamu, mfanyabiashara wa vitambaa kutoka mtaa wa Landless. Baba alimkuta akichimba msingi mahali pa jenereta, akamwambia hiyo ni ardhi ya serikali. Mama yule alimtolea kiti.

"Mzee wangu, mimi niliuliza majirani kabla ya kununua," akasema. "Wakaniambia hapa kulipandwa matoka, na wazee walikuwepo. Sasa ningeuliza nani mwingine?"

Baba alikiacha kile kiti. Alirudi kwa cucu kumsihi ang'oe. "Nitang'oa aje?" cucu akasema. "Nilipanda na hii mikono." Alilia, lakini hakung'oa.

Yule ofisa alifika mara moja, kuta zikiwa zimeshapanda hadi madirisha. Akauliza nani aligawa shamba. Baba akasema hakuna aliyegawa, yeye alipanda matoka tu ili kulilinda.

"Basi ni wewe uligawa," ofisa akasema. Kisha, nadhani kwa huruma, akaongeza, "Lakini mpango uko. Tutatafuta pahali pengine. Nitakuja kukuchukua na gari."

Huruma hiyo sijamsamehe. Angemtukana, baba angepona. Badala yake alikaa nyumbani, akakataa vibarua vya mbali ili gari lisimkose. Kiwanda chake nacho kilifunga milango, mitumba imekimaliza. Mama aliuza mboga akatulisha sisi sote, pamoja na lile tumaini, ambalo lilikula kuliko mtoto yeyote. Nililichukia kuliko umaskini.

Mwishoni baba aliugua, akawa hawezi kukaa bila kushikwa. Mchana mmoja gari lilipiga honi mbele ya ploti yetu. Alifungua macho akaomba shati jeupe. Sote tulijua sauti ile. Ilikuwa pikapu ya jirani, ikileta magunia ya makaa. Nilifungua mdomo niseme, mama akanitazama, nikaufunga. Akamwinua, akamvalisha shati, akafunga vifungo vyote hadi shingoni.

"Waambie nakuja," baba akaniambia.

Nikatoka nje, nikasimama pale mlangoni, sina wa kumwambia.