Mpima Kina wa Mto Yukon

Mpima kina wetu husimama mbele kabisa ya meli ya mvuke, akizamisha upondo wenye mistari na kuimba vipimo: “Futi tano... tano na nusu...” Sauti yake hubembeleza, wasaka dhahabu waendao mji wa Dawson husinzia juu ya magunia, ukungu ukiwapitia. Upondo ukitoka majini huufuta kwa kidole gumba chenye sugu. Jana tulikaribia kambi ya uvuvi ya dada zake, pale ambapo gurudumu la makasia la meli yetu lilichana nyavu zao mwaka juzi. Akaimba, “Futi mbili,” na nahodha akakwepa haraka. Nikaona upondo umelowa hadi futi saba.

“Mzee, umedanganya,” nikamnong'oneza.

Akaufuta taratibu.

“Samaki uliyemla asubuhi, bwana, ulidhani ametoka Seattle?”