Kondoo wa Amani Asiye na Mkia

Kwenye kilima chetu, karibu na Nyamitaba, mimi ndiye mtu wa kwanza kupata diploma ya ufugaji, na sioni sababu ya kulisema hilo kwa sauti ndogo. Nilibeba mizigo Rubaya mpaka mgongo ukachubuka, nikajilipia shule mwenyewe. Halafu nikaenda Kenya, nikafanya kazi miaka sita katika shamba kubwa la kondoo wa sufu. Niliporudi kwa mama nilikuta kondoo wanne, kwato zao zimeoza kwa tope. Leo zizi limejaa na hakuna hata mmoja anayechechemea. Watu wanatoka mpaka Ngungu kuja kuniuliza ninafanyaje. Ninawaambia: kata kwato kabla mvua haijaanza, inua sakafu ya zizi kwa mbao, usiwape majani yenye umande. Hawaamini kwamba ni hayo tu.

Mwaka ule wa kwanza mama alikwenda Goma kutibiwa macho. Asubuhi ya kuondoka aliingia zizini akipapasa ukuta, akamshika mwanakondoo jike aliyezaliwa juzi yake. Alikuwa mweupe wote, bila doa. Mama aliniuliza mara mbili kama kweli hana doa.

“Huyu umuchunge muzuri,” akaniambia.

Mimi kufundishwa kuchunga! Nilicheka, nikampandisha mama kwenye pikipiki.

Nikamchunga yule mwanakondoo kwa ujuzi wangu wote. Kule Kenya kila mwanakondoo anakatwa mkia akiwa mdogo, ili mavi yasigande kwenye sufu na kuita nzi. Nilikuwa nimerudi na mipira midogo ya kubana mkia katika begi langu. Nikamvalisha mmoja kwenye shina la mkia. Baada ya wiki chache mkia ulikauka, ukaanguka wenyewe. Nilimtazama nikaona mnyama wa kisasa.

Mama alirudi baada ya wiki tano, macho yake yakiwa safi. Hakuingia hata nyumbani, alikwenda moja kwa moja zizini.

“Mukia iko wapi?”

“Nimeitoa, mama.”

“Umeitoa? Ilikuwa inakuziba njia?”

Nikamweleza habari za mavi, nzi na sufu. Aliniacha nimalize.

“Papa,” akasema, kama anavyoniita tangu utotoni, “kondoo yetu iko na sufu?”

Nikawatazama. Wote walikuwa na nywele fupi zilizolala, kama za mbuzi. Nilikuwa nimewatazama hivyo kila siku.

“Mukia njo gala yake ya chakula,” mama akasema. “Majani ikikauka, anakulaka mafuta ya mukia. Na diploma yako yote, umekata gala ya mutoto.”

Nilidhani atacheka. Badala yake aliketi juu ya gogo, akafuta yale macho mapya kwa ncha ya kitenge, akaniambia jambo alilokuwa amenificha. Yeye na mdogo wake, anayekaa ng’ambo ya bonde, walikuwa hawajasalimiana kwa miaka saba. Tulipokuwa tumekimbia vita, mimi nikiwa bado shuleni, mama mdogo alitangulia kurudi, akalima kipande cha mama kando ya kijito. Walitupiana maneno pale shambani, na tangu siku ile hata kanisani kila mmoja alitokea mlango wake. Kule Goma, siku waliyomfungua bandeji, uso aliotamani kuuona ulikuwa wa mdogo wake.

Katika ukoo wetu, anayetaka kumaliza ugomvi hupeleka kondoo jike mweupe. Lakini lazima awe mzima. Ukipeleka mwenye kilema, umepeleka tusi.

“Basi tungojee mwingine,” nikasema.

“Ningojee mupaka lini? Macho imetengenezwa. Miaka haitengenezwaki.”

Tulingoja hata hivyo. Waliozaliwa baadaye wote walikuwa na madoa. Mwanakondoo wetu aliacha kunyonya, akanenepa, na kila alipokimbia kile kisiki cha mkia kilichezacheza nyuma, nami nikageuza uso. Mwisho nikamwambia mama: twende na huyuhuyu, kosa nitalisema mimi.

Kondoo mmoja peke yake hatembei, ukimvuta, analala. Kwa hiyo nilimfunga kamba mama yake, yule mdogo akafuata. Tukashuka, tukavuka kijito, tukapanda. Penye ua wa mama mdogo, mama yangu, ambaye sijawahi kumwona akiogopa mtu, alisimama nyuma ya mgongo wangu.

Mama mdogo alikuwa anachambua maharagwe mkekani. Alimtazama mama, akamtazama mwanakondoo, akainuka na kumgeuza.

“Mama mudogo,” nikasema, “kosa ni yangu. Huyu alikuwa muzima. Mama alimuchagulia weye, mimi njo nilimukata.”

“Weye wa diploma?”

“Mimi.”

“Njo ile walikufundisha kule?”

“Ni ya kondoo ya sufu.”

Aliyatazama tena yale makalio matupu na kile kisiki kinachotikisika. Midomo yake ikaanza kutetemeka.

“Yaya,” akamwambia dada yake mkubwa, neno la kwanza kwa miaka saba, “huyu ulimusomesha ya nini?”

“Sikumusomesha miye. Alijisomesha ye mwenyewe, unaona matokeo.”

Walicheka mpaka ungo wa maharagwe ukapinduka. Mimi nilichelewa kidogo kucheka.

Mama alikaa mkekani, akavuta nusu ya maharagwe upande wake. Nilijaribu kuondoka na yule kondoo mkubwa. Alifika penye ua, akamwona mwanawe amebaki, akalala chini. Nikavuta. Hakuinuka.

“Umuache,” akasema mama mdogo. “Atabaki na mutoto wake.”

Ndiye aliyekuwa jike wangu bora. Nikafungua kamba.

“Mama, twende?”

“Enda weye, zizi haiko na muntu.”

“Na weye utarudi lini?”

Alikuwa amemshika mdogo wake kidevu, anamgeuzia uso kwenye mwanga, huku na huku.

“Umezeeka, mudogo wangu.”

“Nilizeeka zamani, yaya. Ni weye ulikuwa hauone.”