Vizibo vya Ezekieli

Mficha maradhi, kilio humfichua. Marko alifichuliwa na kilio cha rafiki yake Ezekieli, mchana kweupe, mbele ya ukoo mzima.

Huko kwao, porini kidogo ukitoka Nduguti, uwele ukishavunwa shamba moja huachwa wazi kwa mchezo wa gurudumu. Si la baiskeli, ni fito zilizokunjwa duara na kuzungushiwa kamba za magome. Mmoja analivingirisha mbele ya safu ya watupaji, nao wanatupa fimbo zilizochongwa ncha lingali mbioni. Fimbo ipite katikati na kulibana chini. Ukikosa unanyang'anywa fimbo, unakwenda kukaa pembeni na kusikiliza kejeli za shemeji zako.

Marko hakuwahi kukaa pembeni. Tangu walipokuwa wachunga ndama, Ezekieli alivingirisha na yeye akatupa, na uzee ukawakuta hivyo hivyo. Miaka ya mwisho Ezekieli akaanza kufunga vizibo vya soda kwenye gurudumu, likawa linapita likilia cheke cheke. Marko alimcheka mpaka akapaliwa.

"Ndiyo nini hii? Umelivika hereni kama bibi harusi?"

"Urembo tu," Ezekieli alijibu, akaendelea na kazi yake.

Wakati huo macho ya Marko yalikuwa yameshaingia ukungu, ila hakumwambia mtu. Aliona bado anapiga, basi akajidanganya kwamba bado anaona. Ndivyo tulivyo binadamu.

Kisha Ezekieli akaugua homa, akafa. Mvingirishaji akifa, siku ya kuondoa msiba ndugu yake hulivingirisha gurudumu lake, na yule aliyekuwa akimtupia hulichoma kwa fimbo mara ya mwisho, ndipo linapolazwa kaburini. Lisipochomwa, msiba haujaondoka, na mjane hashiki jembe. Na mawingu yalishaanza kujikusanya. Wanawake wenzake na Anastazia, mjane wa Ezekieli, walikuwa wameshasafisha mashamba yao.

Gerald, mdogo wa marehemu, akavingirisha. Marko akainua fimbo, akasubiri. Alisikia vishindo vya Gerald, akasikia mtu anakohoa, halafu minong'ono. Gurudumu lilikuwa limeshampita, na mkono wake bado uko juu.

"Kaka, mbona hutupi?" Gerald aliuliza.

"Vizibo viko wapi?"

"Nimevitoa. Huu ni msiba, kaka. Tulize njuga msibani?"

Marko akashusha mkono. Hapo ndipo alipoelewa, na moyo ukamuuma kuliko siku walipomzika. Miaka yote ile alimcheka mtu aliyekuwa akimwongoza kama kipofu, tena bila kumtia aibu.

Anastazia alitoka ndani na waya wenye vizibo. Alikuja mpaka karibu naye, akasema kwa sauti ya chini, "Shemeji, alivifunga kwa ajili yako. Alinikataza nisikwambie. Alisema ukijua utaacha kucheza."

Anastazia akavifunga mwenyewe, na Gerald akarudi mwanzo wa shamba na kulivingirisha upya.

Cheke cheke ikaja kutoka mbali, ileile, kana kwamba Ezekieli mwenyewe anakimbia nyuma ya gurudumu. Marko alitamani aliache lipite. Lipite, lizunguke shamba lote, lirudi, yeye asimame tu kulisikiliza mpaka giza liingie. Lakini mjane alikuwa pale akingoja, na mvua haimsubiri mtu. Akatupa.

Fimbo ilipita katikati kabisa. Watu wakashusha pumzi, na Anastazia akaangua kilio. Vizibo vililia kidogo pale chini, vikanyamaza. Marko alibaki ametega sikio, mpaka Gerald alipokuja kumshika mkono ampeleke kaburini.