Mama Aliyekataa Kuhesabu Watoto

Bisha ukitaka, lakini mimi niliyeacha shule darasa la tano nilimwona karani wa chifu akishindwa hesabu na mama mmoja wa Chechelesi. Ule mwaka wa ukame, unga wa njano wa msaada uligawiwa kwa idadi ya watoto.

"Una watoto wangapi, mama?"

"Wale Mungu amenipa."

"Sema namba, ama urudi bila unga!"

"Kwetu hata mbuzi hatuhesabu, sembuse mtoto. Hiyo ni kuita kifo."

Chifu akacheka, akamwambia ataje majina tu. Akayataja polepole, na kwa kila jina karani akammiminia mkebe mmoja.

Nimeficha kitu. Jina la mwisho lilikuwa langu, mimi jirani yake tu, kapera, na makapera hawakupewa chochote.